Visiwa vya Masasi Visivyo na Bahari

Msafiri aondokaye Mtwara kwenda Masasi hukata mwendo wa kadiri ya kilomita 200. Akiisha kuipita njia panda ya Mnazi Mmoja na kuiacha Nyangao nyuma yake, huona mkono wa kushoto ukuta mrefu wa kijani. Huo ndio ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde. Ukuta huo humsindikiza mpaka Ndanda na kupita, naye hudhani kwamba ameshaona yote yaliyopo. Lakini Masasi inapokaribia, nchi hubadilika. Katikati ya ardhi tambarare yenye mikorosho na mibuyu huchomoza milima ya mawe matupu, mara hapa mmoja peke yake, mara pale mitatu minne imesogeleana, ubavu wake umesimama wima na kichwa chake ni mviringo kama kuba. Hakuna vilima vinavyoitangulia. Nchi ni tambarare, kisha ghafla ni jiwe.

Sisi tulio watu wa visiwani hatukuhitaji kuelezwa tulichokuwa tunakitazama. Aliyezoea kuiona Changuu kutoka Forodhani, au Misali kutoka Wesha, ataitambua sura hiyo mara moja: hivi ni visiwa, ila bahari yake ni majani na mikorosho.

Wala si sisi wa kwanza kuona hivyo. Baina ya mwaka 1895 na 1897, mtaalamu wa madini wa Kijerumani, Wilhelm Bornhardt, aliizunguka nchi hii ya kusini akiipima na kuichunguza miamba yake kwa ajili ya serikali ya kikoloni. Kitabu chake kilichapwa Berlin mwaka 1900. Humo aliiita milima ya namna hii "Inselberg", maana yake kwa lugha yetu ni mlima-kisiwa. Leo neno hilo hutumiwa na wanajiolojia wa dunia nzima, wawe wanazungumza habari za Brazil, Namibia au Australia. Zaidi ya hayo, mwaka 1934 Mmarekani Bailey Willis alilichukua jina la Bornhardt mwenyewe akalipa kila jiwe kubwa lenye umbo la kuba. Basi inafaa ieleweke na kila mtu: neno linalofundishwa katika vyuo vikuu vya nchi za mbali lilipata maana yake kwa mtu kuitazama milima ya kusini mwa Tanzania.

Safari yetu hasa ilikuwa ya Lupaso, kijiji cha Wilaya ya Masasi ambako Benjamin William Mkapa alizaliwa tarehe 12 Novemba, 1938, na ambako alizikwa tarehe 29 Julai, 2020. Wengi humkumbuka kwa urais wake wa mwaka 1995 hadi 2005. Sisi wa kazi hii ya magazeti humkumbuka pia kuwa mhariri mwenzetu, aliyeongoza magazeti ya The Nationalist na Uhuru, kisha Daily News, na ambaye mwaka 1976 alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa Shirika la Habari Tanzania, SHIHATA. Wageni waendao Lupaso huenda kutoa heshima zao kaburini, husoma dua, kisha hupanda magari yao na kurudi. Milima ile huipita hali vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi.

Nasi tungalifanya vivyo hivyo, lau si mwalimu mmoja wa shule ya msingi tuliyempa nafasi garini wakati wa kurudi. Alitusikiliza tukizungumza habari za marehemu, kisha akasema kwa upole, "Ndugu zangu, mmekuja kumzuru aliyezaliwa mwaka 1938, na mmefanya vyema. Lakini yuko mzee zaidi yake hapa, na hakuna anayemzuru." Akanyosha kidole dirishani, kwenye jiwe. Tukaahidiana kukutana asubuhi ya siku ya pili.

Twapenda wasomaji wetu wajue kwamba matembezi yenyewe si ya kuogofya. Hatukupanda kileleni, wala hatumshauri mtu kupanda bila ya mwenyeji. Tulizunguka chini ya mlima mmoja kwa vijia ambavyo wanavijiji huvitumia kwenda mashambani, tukipumzika kila tulipotaka, na jua halijafika utosini tulikuwa tumemaliza. Mmoja wetu ni mama aliyekwisha kustaafu utumishi wa Serikali. Alitembea na kanga zake na kandambili, na hakuomba mkono wa mtu ila mara moja. Ulikuwa wakati wa kipupwe, mikorosho imeanza kutoa maua. Mwalimu alikuja na mwanafunzi wake wa darasa la sita, aliyetangulia mbele akiwa na fimbo ya kupunguza umande.

Kituo cha kwanza kilikuwa ubavu wa jiwe lenyewe. Mwalimu alitutaka tuuguse. Kwa mbali mlima huo ni wa rangi ya majivu, lakini kwa karibu una mistari, mweusi na mweupe, imejikunjakunja kama ukili wa mkeka. Jiwe hilo huitwa naisi. Halikuzaliwa juu ya ardhi. Lilipikwa kwa joto na kukandamizwa kwa uzito kilomita nyingi chini, zamani za kadiri ya miaka milioni 600 iliyopita, wakati mabara yalipogongana na Afrika ikashikana na nchi ambazo leo ni Madagaska, Bara Hindi na Antaktika. Hiyo mistari ndiyo alama ya mkandamizo ule. Wakati huo duniani hapakuwa na mti wala mnyama wa nchi kavu.

Kituo cha pili palikuwa na mabamba makubwa ya mawe, mengine mapana kuliko sakafu ya nyumba, yameteleza kutoka ubavuni yakajipanga chini. Hapo ndipo mwanafunzi aliposimama akauliza swali ambalo, kwa maoni yetu, ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

"Mwalimu, mawe haya yalianguka kutoka wapi?"

"Haya mabamba yametoka hapo juu, waona pengo lake," akajibu mwalimu. "Lakini kama wauliza mlima wenyewe, mwanangu, mlima haukuanguka. Mlima ulibaki."

Akaeleza. Jiwe lililozaliwa chini ya mzigo mzito, mzigo ukiondolewa, hutanuka kidogo na kupasuka sambamba na uso wake, tabaka baada ya tabaka, kama kitunguu kinavyomenyeka. Ndiyo sababu vichwa vya milima hii ni mviringo, na ndiyo sababu mabamba huteleza. Kuhusu kubaki, alitupeleka kituo cha tatu, kwenye korongo dogo lililochimbwa na maji ya mvua. Ukutani mwake tuliona mistari ile ile ya naisi, lakini tulipoishika ilimomonyoka mkononi kama kashata mbichi. Hilo ni jiwe lililooza. Maji ya mvua na joto la nchi yetu huingia katika nyufa za mwamba chini ya ardhi, na kwa muda wa miaka isiyohesabika huugeuza kuwa udongo. Penye nyufa nyingi mwamba huoza upesi; penye nyufa chache jiwe hukaa zima. Kisha mvua na mito huuchukua ule udongo na kuupeleka baharini. Kinachosalia ni ule moyo mgumu, kama kokwa la embe baada ya nyama yake kuliwa. Nchi yote iliyouzunguka imeshuka, wao umesimama pale pale.

Kituo cha nne kilikuwa kivulini. Jiwe tupu halinywi maji. Kila tone linaloanguka juu yake huteremka hadi miguuni pake, na hapo udongo hukaa na unyevu baada ya mahali pengine kukauka. Kwa hiyo chini ya mlima kuna miti mikubwa, na visima havichimbwi mbali. Juu, katika vijishimo vya jiwe, huota majani magumu ambayo wakati wa kiangazi huonekana yamekufa kabisa, na mvua ikinyesha hurudi kuwa kijani kwa muda wa siku chache. Pimbi hujianika jua penye nyufa. Tulimkuta mzee mmoja ameketi chini ya mwembe wake. Tulimpa shikamoo, akaitikia marahaba na kutukaribisha. Tulipomwuliza kwa nini watu wa zamani walijenga hapa, alicheka akasema, "Wajukuu zangu, nyinyi mnatazama jiwe. Sisi tunatazama chini ya jiwe."

Kituo cha tano kilikuwa uwazi mdogo ambapo uwanda wa Makonde huonekana kwa mbali, juu yake pamenyooka kama meza. Huo si jiwe lililopikwa. Ni mchanga na changarawe zilizochukuliwa na mito ya kale zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, zikarundikana upande wa pwani, kisha zikashikamana na nchi ikainuka. Mchanga hunywa maji yote, huyapeleka chini, na kuyatoa miguuni mwa ukingo kama chemchemi. Kwa hiyo watu wa Newala, wanaoishi juu penye mvua, kwa vizazi vingi waliteremka mabondeni kuyafuata maji, na ndoo zikapandishwa vichwani mwa kina mama, mpaka ulipoanza mpango wa kuyasukuma kwa mashine katika miaka ya 1950. Na mji wa Masasi, ulio chini, hupata maji ya chemchemi ya Mbwinji iliyo miguuni mwa uwanda huo. Huko Newala, penye ukingo, kuna bonde kubwa ambalo wenyeji huliita Shimo la Mungu. Aliyesimama hapo hutazama chini hadi bonde la Ruvuma. Maji na mchanga ndivyo vilivyolichimba. Basi katika asubuhi moja tuliona mambo mawili: jiwe linalokataa maji na mchanga unaoyameza, na jinsi maisha ya watu yalivyofuata tabia za viwili hivyo.

Wasomaji wetu wa Unguja watauliza: haya yatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana. Mwaka 1876, miaka mitatu baada ya soko la watumwa la Mkunazini kufungwa, Askofu Edward Steere aliondoka Unguja pamoja na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Nia ilikuwa kuwarudisha upande wa Ziwa Nyasa, ambako ndiko ilikokuwa asili ya wengi wao. Walishukia Lindi, wakapanda bara kwa miguu. Walipofika chini ya milima ya Masasi waliona ardhi njema na maji karibu, wakasema safari imetosha. Wakajenga kijiji. Mwaka 1882 kijiji hicho kilivamiwa na Magwangwara, watu wakauawa na wengine wakatekwa, na misheni ikahamia Newala kwa muda; lakini Masasi haikuachwa daima, na leo kanisa kuu la Kianglikana liko Mtandi, chini ya mlima wenye jina hilo. Watu waliopitia Mkunazini na Mbweni ni miongoni mwa wazee wa mji huu. Nao pia, kama lile jiwe, walibaki.

Hayo yote tuliyajua kwa sababu ya mwalimu mmoja aliyejitolea asubuhi yake. Katika njia yote tuliyopita hatukukuta kibao hata kimoja. Yule mwanafunzi anaujua Mlima Kilimanjaro, ambao hajauona, na Bonde la Ufa, ambalo hajalifika. Anaandika majina yake katika mtihani na kupata alama. Lakini jiwe ambalo hulitazama kila asubuhi anapokwenda shule, ambalo mfano wake umo katika vitabu vya wataalamu wa dunia, alidhani limeanguka kutoka mahali fulani. Kosa si lake, wala si la mwalimu wake. Ni letu sote tuliokubali kwamba elimu ya nchi yetu ikae katika maktaba za watu wengine.

Kuna jambo jingine pia, nalo halingoji. Tulipokuwa kituo cha pili tulisikia nyundo. Tukazunguka, tukawakuta vijana na kina mama wakivunja mabamba kuwa kokoto za kuuza kwa wajenzi. Hatuwalaumu. Nyumba zinajengwa, kokoto zinatakiwa, na mtoto lazima ale. Lakini hapana anayeweza kulirudisha jiwe lililovunjwa, na palipobaki kokoto hapana tena cha kumwonyesha mtoto. Mwenye kumkataza mtu kuvunja jiwe bila ya kumwonyesha riziki nyingine amesema maneno tu. Na mwenye kuacha kila jiwe livunjwe ameuza shamba kwa bei ya mavuno ya siku moja.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo dogo. Ichaguliwe njia moja, fupi, ya chini kwa chini, isiyozidi kilomita tatu, ambayo mtoto na mzee wataimudu. Viwekwe vibao vitano au sita, kwa Kiswahili kwanza, vyenye maneno machache yaliyo sahihi, mahali ambapo mtu aweza kuliona na kuligusa jambo lenyewe. Vielezwe si mawe tu bali na watu: Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wamwera wa nchi hii, na wale waliokombolewa waliokuja kutoka kwetu. Majina ya mahali yaandikwe kama wenyeji wanavyoyatamka. Vijana wa vijiji vilivyo jirani wafundishwe kuongoza wageni, wakiwemo baadhi ya hao wanaovunja kokoto. Na sehemu za kuvunjia mawe zipangwe mbali na njia hiyo, kwa makubaliano na si kwa mabavu.

Mambo haya si mageni katika Jamhuri yetu. Karibu na mji wa Iringa, Isimila, mvua imechonga nguzo ndefu za udongo, na zana za mawe za watu wa kale zimefukuliwa hapo. Kuna nyumba ndogo ya makumbusho, na mgeni huteremka korongoni pamoja na mwongozi na kurudi kwa muda mfupi, ameelimika. Hapa Unguja, Jozani, kuna njia ya mbao inayopita katika mikoko ya Pete, na sehemu ya fedha za wageni huwafikia wanavijiji. Mwaka 2018 UNESCO iliikubali Ngorongoro pamoja na mlima wa Lengai kuwa miongoni mwa hifadhi za jiolojia za dunia. Hatusemi Masasi iwe Ngorongoro. Twasema kwamba nchi iliyokwisha kutambua thamani ya miamba yake huko kaskazini haitashindwa kuitambua ya kusini.

Tunajua jibu litakalotolewa na baadhi ya wakubwa: kwamba kuna zahanati zinazongoja dawa na shule zinazongoja madawati. Ni kweli, na hatutaki dawa ipunguzwe ili kununua kibao. Lakini gharama ya nguzo sita, mbao, rangi na siku chache za kufyeka njia si gharama ya zahanati. Kazi kubwa hapa ni ya kukaa pamoja: halmashauri, walimu, wazee wa vijiji, wataalamu wa maliasili na wa mambo ya kale, wakubaliane njia ipite wapi na kibao kiseme nini. Fedha itakayoingia, hata ikiwa ndogo, ijulikane hadharani ni kiasi gani na imekwenda wapi. Miradi mingi mizuri imekufa kwa sababu wanakijiji waliona wageni wakipita wala hawakuona kitu kingine.

Wengine watahofu kwamba wageni wakizidi, jiwe litachafuliwa kwa rangi na majina. Hofu hiyo ni ya haki. Dawa yake ni mwenyeji anayejua thamani ya jiwe na anayenufaika nalo. Huyo ni mlinzi bora kuliko waya.

Watakaokwenda Lupaso mwaka huu na miaka ijayo watapita njia ile ile tuliyopita. Marehemu Mkapa alikulia katika wilaya hii, na kazi yake ya kwanza iliyomtambulisha kwa taifa ilikuwa ya kuwaeleza wananchi habari za nchi yao. Twaamini kwamba kuwaeleza watoto wa Masasi habari za milima yao ni heshima inayomfaa. Kibao cha kwanza kikisimamishwa, sisi tutarudi, na tutakuja pamoja na wanafunzi wa visiwani, ili watoto wa visiwa vya baharini wakutane na watoto wa visiwa vya nchi kavu.